Aliyefundishwa Maji na Tembo

Wasikilizaji wapendwa, Ngurimuje Tjambiru hatunaye. Ngurimuje, mfuatiliaji wa tembo wa kijiji chetu cha Purros, alifariki Jumanne akiwa na miaka sabini na moja. Tulichunga ng'ombe pamoja tangu utoto, na maisha yangu yote nilimwonea wivu. Leo nalisema jambo hilo hapa hapa redioni.

Mwaka wa ule ukame mkubwa, Mto Hoarusib ulikuwa mchanga mtupu. Mimi nilichimba pale walipochimba baba zangu. Nikapata vumbi. Ngurimuje hakuchimba. Alimfuata tembo jike mzee, Pembe Moja, siku nne nzima. Pembe Moja alikuwa amefundishwa na mama yake kunusa mchanga, kuupiga kwa mguu, kuchimba kishimo chembamba kwa mkonga, kisha kungoja maji yajae. Wanawe walikuwa wanamtazama. Ngurimuje naye alikuwa anatazama. Tembo walipoondoka, ng'ombe wake walikunywa.

Nilipoona ng'ombe wa mwenzangu wamenawiri, roho iliniuma. Mkewe, Vezuva, akanitania: "Shemeji, mbona umenuna? Si na wewe ukaposwe na tembo, kama mume wangu."

Basi nikamfuata mumewe kwa siri. Kile kisima cha tembo nikakiona. Nikarudi na sepetu, nikakitanua kiwe kipana kama visima vyetu vya ng'ombe. Mchanga ukaporomoka, maji yakapotea. Pembe Moja alikuja, akanusa, akageuka na wanawe kuelekea juu mtoni. Sikumwambia mtu. Siku ya tatu nikaziona nyayo za Ngurimuje, waziwazi, nikazifuata hadi kisima kipya. Nikajiona mjanja kweli kweli.

Juzi msibani, Vezuva alinipa kikombe cha maziwa mgando. Akasema, "Shemeji, alijua ni wewe uliyekiharibu kisima. Msoma nyayo za tembo angeshindwa na hizo katambuga zako za tairi?"

Nikamuuliza, mbona hakunisema?

"Alisema ng'ombe wako wana kiu. Akapita kwenye mchanga laini makusudi, ili hata wewe uone."

Vezuva, wewe na wanao, poleni sana. Wasikilizaji wapendwa, kama kuna jirani mnayemnunia kwa sababu amepata, mfikirieni leo angali hai. Mimi wivu haujaniisha. Zamani niliyaonea wivu maji yake. Sasa nauonea wivu moyo wake. Ng'ombe wangu walikunywa, wasikilizaji, na asante sikuwahi kumpa.