Jiwe la Gurza

Jirani yetu Mrika anadai kwamba siku walipolipua mwamba wa kwanza kwenye machimbo ya wilaya, hapa kijijini kwetu Gurza, kuku wake wote walitaga kwa mpigo, na jogoo naye akajaribu. Leo alikuwa akimsimulia hayo mwanamume asiyemjua, kwenye basi dogo la kwenda mjini Shkodra. Mimi nilikaa nyuma yao na ndoo yangu ya jibini.

"Mlima mzuri vile mnaugeuza kokoto," mwanamume akasema. "Nyinyi wa Gurza hamna huruma, mama."

"Kwani wewe wa wapi?"

"Lugaj."

Mrika akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. "Kumbe! Si ndio nyinyi mliopimwa kwanza? Wahandisi walizungusha jiwe lenu kwenye pipa lenye mipira ya chuma, likatoka unga! Letu lilitoka zima. Barabara kuu yote mpaka pwani italalia jiwe la Gurza, ndugu yangu. Na machimbo ni ya umma, hakuna tajiri wa kutufungia lango. Vijana wetu wameanza kurudi kutoka Italia, wana kazi nyumbani."

"Jiwe letu lilikuwa limenyeshewa siku ile," mwanamume akajitetea. Sikujua kwamba jiwe nalo huugua mafua.

Kwenye njia ya machimbo basi likapunguza mwendo kupisha malori yaliyojaa mawe. Mrika akayapungia mkono kama msafara wa harusi. Mwanamume akayatazama, kisha akavua kofia.

"Mama," akasema polepole, "mwanangu Gjin ameshakata tiketi ya Ujerumani. Niombee kwa msimamizi wenu wa machimbo, amchukue kazini asiende."

Basi likasimama kupisha lori la mwisho. Mrika alikuwa bado anayapungia malori, wala hakumsikia.