Mzee Wasike, Pini ya Gurudumu na Mizani ya Pamba

Tarehe 31 Desemba 1979, Mzee Joash Wasike anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuendesha Gurudumu, ile bembea kubwa ya duara katika bustani ya michezo ya Kanubhai, kando ya Nile hapa Jinja. Ukweli ni kwamba kwa karibu miaka sita ya mwisho Gurudumu halikuzunguka hata mara moja. Yeye alikuja kazini kila siku saa mbili kamili, akalipaka grisi, akaenda zake. Mimi niliyekuwa nikiuza tiketi dirishani muda wote huo nimeombwa niandike wasifu wake, na nitajitahidi nisikasirike.

Alitoka Mbale, chini ya mlima Wanale, alikokuwa akipima pamba ghalani. Alipoajiriwa mwaka 1956 alikuja na mizani ileile ya pamba juu ya lori, akaisimamisha langoni pa Gurudumu na kutangaza kwamba hapandi mtu bila kupimwa. Uzito wa upande huu sharti ulingane na wa upande ule. Basi foleni ikafika barabarani. Wachumba waliokuja kutoka Bugembe wameshikana mikono aliwatenganisha, mmoja juu, mwingine chini, kwa sababu ya kilo sita. Na kila uzito aliutangaza kwa sauti ya mnadani! Bi Lataben, mke wa Kanubhai, alitangazwa mbele ya wageni wa harusi, akamnunia Wasike miaka miwili. Walioudhika walikuja kulalamika kwangu dirishani. Siku zote kwangu.

Haki yake nimpe: katika miaka yote ile hakuanguka mtu hata mmoja.

Mwaka 1972, Wahindi walipopewa siku tisini waondoke nchini, Kanubhai na Bi Lataben walikuja asubuhi yao ya mwisho wapande mara moja. Wasike aliwapima kama kawaida. Bi Lataben alikuwa amepungua kilo tisa. Safari ile hakutangaza. Aliandika kwenye kikaratasi, akakikunja, akakitia mfukoni.

Bustani ikapewa Afande Sebit. Vipuri vikaisha, bolti zikalika, na hakuna aliyejali isipokuwa mtu mmoja ambaye hakuna aliyetaka kumsikiliza. Januari 1974 Afande akaamuru kwamba siku ya sikukuu Gurudumu lijazwe viti vyote, familia za askari na za wafanyakazi, na mizani iwekwe kando. Yeye mwenyewe alipoombwa apande mizani apimwe, aliwaka: "Wewe nataka pima mimi kama pamba?" Wasike akamjibu, "Afande, chuma haijui cheo." Kesho yake pini kuu ya ekseli haikuonekana, na bila pini hiyo Gurudumu ni sanamu tu.

Wasike alichukuliwa na askari siku nne. Alirudi anachechemea, na hadi leo anachechemea. Nyumba yake ya Wanale ilipekuliwa, sakafu ikachimbwa. Mimi pia niliitwa, nikaulizwa pini iko wapi mpaka nikalia. Nilipotoka nilimwendea nikamsihi angalau mimi aniambie. Akanitazama, akasema, "Eucabeth, panda mizani nikupime." Jamani! Nilimnunia kuliko Bi Lataben.

Wiki iliyopita, akikabidhi vifaa, aliandika kwenye orodha: "Pini kuu, moja. Iko kwenye mizani." Nikaenda kuangalia. Muda wote huo ilikuwa inaning'inia pale langoni, imepakwa rangi nyeusi, mahali pa jiwe la mizani, lile linaloning'inizwa kulingana na uzito wa anayepimwa. Askari waliotumwa kuitafuta walijipima nayo. Afande Sebit naye alikuja peke yake mchana mmoja, akachungulia huku na huku, akapanda, akashuka anatabasamu kwa kuwa amepungua. Sote tulipungua! Pini ni nzito kuliko jiwe, kwa hiyo mizani ilisoma pungufu na kumdanganya kila aliyepanda. Mimi nimewaringia majirani kwa kilo saba ambazo sikuwahi kuzipoteza.

Nilimuuliza kwa nini alinificha. Akasema alijua nitaulizwa tena. Ni kweli, niliulizwa tena, na ningesema. Najijua, ningesema kabla hawajafunga mlango. Na wanangu wawili walikuwa wameshashonewa nguo za kupandia Gurudumu siku ile ya sikukuu.

Jiwe lenyewe la mizani liko Wanale. Siku askari walipokuwa wakichimba sakafu lilikuwa limezuia mlango usijifunge, na mkewe, Mama Orpah, analitumia hivyo hadi leo.

Mzee Joash, umetuchosha miaka ishirini na mitatu, na sote tuko hai. Asante. Nenda ukapumzike, mguu upate nafuu, na wajukuu wakupande mgongoni bila kupimwa. Ila jiwe letu ulirudishe. Nataka kujua uzito wangu wa kweli kabla na mimi sijastaafu.