Hannah Wahu, Mchoraji wa Ng'ombe wa Buchari

Waombolezaji wapendwa, familia inawasomea maisha ya Hannah Wahu Njuguna kama yalivyoandikwa na baba yake, Mzee Gerishon Njuguna, na kila tarehe iliyomo imelinganishwa na cheti, kwa kuwa Mzee hategemei kumbukumbu ya mtu, hata yake mwenyewe.

Wahu alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 huko Waithaka, Dagoretti, akasoma shule ya msingi kuanzia 1991 hadi 1998, hatua chache kutoka machinjio ambako baba yake alikuwa askari wa lango. Baada ya masomo aliketi kando ya zizi akitazama ng'ombe, hata mwaka wa 1994 wachinjaji wakalalamika, "Njuguna, huyu msichana wako anahesabia wezi ng'ombe zetu," na baba yake, ambaye alilipwa kwa kushuku watu, akamnyang'anya daftari, akakuta humo ng'ombe kumi na wanane, kila mmoja na pembe zake na kovu lake. Hakumpa neno jema, alimwambia tu kwamba ng'ombe wa kwanza anaelea, hajakanyaga chini, akidhani amemkomesha, lakini kesho yake mtoto alimletea ng'ombe aliyekanyaga, akauliza, "Na huyu, baba, kasoro iko wapi?"

Alimaliza sekondari Novemba 2002, na mnamo Januari 2003 akaanza kujifunza uandishi wa mabango katika karakana ya Bwana Muthama, River Road. Mzee hakuamini kwamba mtu anaweza kulishwa na brashi, akaenda huko mara tatu bila kumwarifu, akasimama ng'ambo ya barabara akiangalia ni nani anaingia na nani anatoka, na alipoambiwa bango fulani ni la binti yake, hakuwa na njia ya kuthibitisha, kwa maana hakujua kusoma. Ndipo akiwa na miaka hamsini na saba alipojifunza herufi, moja moja, kwenye mabango yale yale, ili asiambiwe na mtu mwingine kile mwanawe alichoandika.

Wengi leo watasema Wahu alikuwa na kipawa, na wengine watasema walikiona mapema, ingawa Mzee, aliyekuwa akiangalia, hakuwaona. Wenye kipawa katika karakana ile walikuwa sita, na baada ya miaka miwili alibaki yeye. Alichokuwa nacho ni shaka. Hakuuamini mkono wake hadi aione kazi yake ukutani kutoka mbali, na sifa hakuziamini kabisa. Mwezi Juni 2008, akichora fahali kwenye ukuta wa duka la nyama, buchari ya Bwana Musembi karibu na Adams Arcade, mwenye duka alimwambia, "Madam, hiyo imeweza, shuka basi," naye akashuka ngazi, akavuka Ngong Road, akatazama, akarudi akafuta nusu nzima ya nyuma. "Sasa unanichinjia ng'ombe mara ya pili?" Musembi akafoka, na vijana wa stendi wakacheka, naye Wahu akapaka upya siku mbili. Wiki iliyofuata wachinjaji wawili kutoka Dagoretti walisimama pale wakabishana fahali yule ana kilo ngapi, na kutoka siku hiyo hakukosa kazi.

Alifunga ndoa na Lenox Odero Jumamosi, tarehe 12 Desemba 2009, baada ya uchumba uliocheleweshwa na Mzee kwa msimu mzima wa mvua, kwa sababu Lenox aliuza rangi River Road, na Mzee alishuku anaichanganya na maji, akanunua mkebe, akapaka lango lake, akangoja. Rangi haikubanduka. Walijaliwa watoto wawili, Maurine, aliyezaliwa 2011, na Njuguna, aliyezaliwa 2014.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2023, na tarehe 18 Agosti 2025 akalazwa hospitalini. Jumapili, tarehe 31, madaktari walimweleza Mzee kwamba figo haziwezi tena kufanya kazi, wakamwomba asimwambie mgonjwa kabla mumewe hajafika. Alipoingia, Wahu alimpa mchoro wa mtamba, akauliza swali lake la miaka thelathini na moja, "Kasoro iko wapi, baba?" Mzee alitafuta, hakuiona, na alijua kwamba akisema haipo, mwanawe ataelewa mara moja kilichosemwa kule nje, hivyo akamwambia sikio la kushoto ni kubwa. Wahu alilitazama sikio, kisha akamtazama baba yake. "Baba, hili sikio ni sawa," alisema. "Wamekwambia nini?" Kisha Wahu akaweka penseli chini, akamshika baba yake mkono. Alifariki Jumanne, tarehe 2 Septemba, saa kumi na mbili asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Waithaka waliolala na familia siku hizi zote, wenzake wa River Road, na wenye buchari waliofunga leo ili wawe hapa.

Wahu, baba yako anasema mbele ya watu hawa wote kwamba mchoro ule haukuwa na kasoro. Anakuambia, "Pumzika kwa amani, mwanangu, hakuna cha kurudia."