Osbert Hakutolewa kwa Huruma

Mheshimiwa Liwali wa Thornwick, Baba Abate, mabwana wa baraza, nanyi majirani mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: nawasalimu nyote. Mimi ni Hawise, mjane wa Osbert. Nimeombwa nimuage Bwana Fulk, anayestaafu leo katika baraza letu.

Mheshimiwa Liwali, umetuambia hivi punde kwamba mume wangu alitoka gerezani kwa huruma ya mfalme. Huruma ipi?

Osbert aliwazuia watu wako wasikate miti yetu ya mialoni ili mjengee ngome. Hakuiba, hakumpiga mtu. Mkamtia shimoni wakati wa baridi bila kumsomea shitaka, na nilipomletea mkate mlinzi wako akaniambia, "Mama, kaolewe na mwingine." Hiyo ndiyo huruma siku hizi?

Ikafika Juni. Mabwana wakubwa wa nchi wakambana mfalme uwandani mpaka akatia muhuri hati isemayo kwamba mtu huru hatafungwa ila kwa hukumu ya wenzake au kwa sheria ya nchi. Wengi wenu mlishangilia, kisha mkarudi kukata majani ya ng'ombe. Bwana Fulk, na goti lake bovu, alipanda ngomeni akakukuta mezani, Mheshimiwa Liwali, akakuuliza:

"Osbert amehukumiwa na nani?"

"Mzee, mfalme akitaka mtu afungwe, anafungwa."

"Hiyo ilikuwa zamani. Sasa ameapa."

"Basi mwombee msamaha, nimtoe leo hii tukale kwa amani."

"Msamaha wa kosa gani?"

Ukamsogezea sahani, Mheshimiwa. Yeye akaketi pale, akakataa nyama yako na bia yako, mpaka wenzake wa baraza wakaingia mmoja mmoja wakasimama nyuma yake. Ndipo ukaita funguo.

Osbert alitoka amebebwa. Alikufa kabla matofaa hayajaiva, ila alifia kitandani mwake, mtu asiye na kosa.

Leo tunaambiwa Bwana Fulk amechoka, apumzike. Na wapo wanaonong'ona kwamba hati ile imefutwa, mambo yarudi yalivyokuwa. Mabwana wa baraza, nani mtamkalisha kwenye kiti chake? Mkimweka mtu wa kuinamisha kichwa, atakapokamatwa mume wa jirani yangu nani ataulizia hukumu?

Bwana Fulk, wengine wamekushukuru kwa upole wako. Mimi nakushukuru kwa kuwa hukumwombea mume wangu msamaha.

Nanyi nyote, ahsanteni kwa kunivumilia mpaka mwisho.