Droni Iliyokataa Kutua

Tangu droni ya dawa idondoke juu ya bati la kinyozi, benchi lililo kati ya kibanda chake na uwanja wa zahanati halikuwa na habari nyingine. Mama Cherehani, anayeshonea barazani hapo hapo, alikuwa akikanyaga pedali kama anayeikomoa. Binti yake ndiye aliyekuwa akiiendesha droni ile kutoka hospitali kubwa, ng'ambo ya mji, na sasa ameambiwa akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Hakuna aliyeumia, na dawa zilikutwa nzima. Lakini binti alikuwa amejifungia chumbani, chai hataki, uji hataki, anarudia neno moja tu: "Mama, sijui nilikosea wapi."

— Mimi nawaambia ni sumaku — alisema Waya, fundi umeme, akipuliza kikombe chake. — Chini ya ule uwanja kuna sumaku. Nikipita pale bisibisi inanishinda.

— Bisibisi inakushinda kila mahali — alidakia kinyozi, aliyebandikwa jina la Profesa kwa sababu hajawahi kusema "sijui". — Sikilizeni. Droni ilishuka, ikapanda. Ikashuka tena, ikapanda. Hiyo ni tabia ya nani?

— Ya nani?

— Ya bwana harusi aliyefika ukweni, akakumbuka hajavaa viatu. Ile mashine iliona haya!

— Mashine ione haya!

— Basi ilipenda. Kuna kunguru pale juu ya tangi la maji, jike, mrembo kwelikweli…

— Umejuaje ni jike? — aliuliza muuza kahawa, birika mkononi.

— Si anavyotembea!

Benchi zima likaangua kicheko. Mama Cherehani alitaka kukasirika, midomo ikamsaliti.

— Chekeni tu. Mwanangu hali chakula.

— Dada, ondoa shaka — Waya alimwambia. — Hatubanduki hapa mpaka sababu ijulikane. Tena huenda ni hiyo cherehani yako! Inavyonguruma, droni ilidhani inaitwa na mama yake.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mmoja wa makamo, kavaa kizibao cha kung'aa, jasho linamtiririka. Alisalimia, akasogezewa nafasi na kumiminiwa kikombe. Akajieleza kwamba kazi yake ni kuchunguza ajali za vyombo vya angani.

— Ajali za kawaida tunazijua — alisema. — Upepo, mvua, betri mbovu. Hii imetutoa jasho. Droni yenyewe imeandika tu kwamba kulikuwa na kizuizi chini. Ikiona kizuizi hupanda, hungoja, kisha hujaribu tena, na hii ilijaribu mpaka chaji ikaisha. Nimezunguka uwanja mzima, sioni mti, sioni nguzo. Hebu niambieni, ilipokuwa ikishuka, ninyi mlikuwa wapi?

Profesa akaanza kukagua mkasi wake. Waya akanywa kahawa kwenye kikombe kilichokwisha. Muuza kahawa akageuka kuangalia njia, kana kwamba kuna mteja anakuja.

Mama Cherehani akaacha kukanyaga pedali. Alijiona siku ile akiiacha cherehani na kukimbilia katikati ya uwanja, gauni la mteja mkononi, analipunga juu kama bendera na kupiga kelele: "Ya mwanangu hiyo! Ya mwanangu!" Na benchi lote nyuma yake, mikono juu, wanaruka.

— Tulikuwa chini yake — alisema kwa sauti ndogo. — Tunaishangilia. Kila ikipanda, sisi tunazidi.

Mchunguzi alimkodolea macho. Kisha akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

— Kwa hiyo kizuizi ni ninyi! Ilikuwa inawakwepa isiwaumize. Miaka yangu yote sijakutana na ajali ya kushangiliwa. Hii lazima kila anayerusha droni aisikie.

— Na binti yangu?

— Binti yako alifanya alivyofundishwa. Mwambie ale.

Uwanja ulizungushiwa kamba, na droni ikafundishwa kwamba isipopata pa kutua irudi ilikotoka kabla chaji haijaisha. Binti akarudi kazini. Siku ya safari ya kwanza, benchi zima lilisimama nyuma ya kamba, mikono imekunjwa, midomo imebanwa, Profesa anatetemeka kwa kujizuia. Droni ikaja ikivuma, ikasita kidogo, ikashuka polepole, ikagusa ardhi. Mapangaboi yake yakanyamaza.

Ndipo wakalipuka. Wagonjwa walitoka zahanati kuona kulikoni. Katikati ya vifijo, simu ya Mama Cherehani ikaita.

— Mama, mbona kelele hivyo? Imeanguka tena?

— Imetua, mwanangu! — alipiga kelele, machozi yakimtoka. — Imetua!