Mtani Ambaye Sikumjibu

Wanajumuiya wenzangu, mniruhusu nikae. Magoti haya yamekanyaga cherehani miaka mingi, sasa yanapiga kelele kuliko cherehani yenyewe. Mmesema kila mzee aeleze lililomwangusha na lililomwinua. Mimi shule niliishia darasa la pili, nitasema ninavyokumbuka. Mkiniona napotea, nirudisheni.

Nilikuwa fundi nguo hapahapa Lizaboni, kwenye baraza la duka. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, kila kitu ruksa, mitumba ikaingia Songea kwa marobota. Mtu anapata suruali ya Ulaya kabla sijamaliza kuchora chaki. Mafundi wengi wakarudi shamba. Mimi nilibaki kwa sababu ya jina. Watu walisema, "Yule akikupima mara moja, nguo inakaa." Jina hilo ndilo lililokuwa linanilisha.

Sasa jirani yangu mmoja, rafiki tangu utotoni, akaja nimshonee suti ya harusi ya binti yake. Nilipomzungusha futi tumboni akacheka, "Fundi, ongeza kidogo, siku hiyo kuna pilau." Wiki ya pili akafa, malaria ilimpanda kichwani. Suti niliimalizia nikilia, na ndiyo tuliyomzika nayo.

Makaburini watani hawaachi mizaha yao, mnawajua. Mtani wetu mmoja Mhehe alishuka kaburini akalala, akadai kuku ndipo atoke. Watu wakacheka na machozi yao. Alipotoka akaninyooshea kidole: "Huyu hapa! Alimpima marehemu sanda akiwa hai! Mkimwona na futi yake, kimbieni!"

Watu wakaangua kicheko. Ninyi mmelelewa hapa, mnajua mtani hujibiwa. Nilipaswa kusema, "Na wewe nimeshakupima, ila tumbo hilo limekosa kitambaa." Yangeisha palepale. Lakini nilikuwa namlilia rafiki yangu. Nikanyamaza, nikainamisha kichwa. Kosa langu ni hilo.

Maana mji ulikuwa umejaa wageni waliofuata biashara, na utani wetu hawaujui. Wao waliona fundi katajwa mbele ya kaburi, hakukana. Neno likatoka pale likiwa utani, likafika sokoni likiwa habari. Mama mmoja akaja kuchukua kitambaa chake.

"Mama, sijakupima bado."

"Usinipime, baba! Nipe hivyohivyo."

Akaondoka kinyumenyume, kama anayemwacha nyoka. Wakaniita Mpima Sanda. Mke wangu akifika bombani, foleni nzima inanyamaza.

Na niwaambie, maana hapa hatufichani: mimi mwenyewe nilianza kuiogopa futi. Nikaiviringisha, nikaifungia kwenye kopo la majani ya chai. Nikabaki kutia viraka.

Ndipo akaja mzee mmoja Myao wa Nakapanya, kule Tunduru, mfanyabiashara wa korosho, anataka kanzu.

"Shikamoo, mzee. Nenda kwa fundi mwingine."

"Marahaba. Kwa nini?"

Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Wallahi, wamekukashifu."

Neno hilo nilikuwa nalisikia redioni tu. Nikamuuliza maana yake.

"Asili yake Kiarabu, tulifundishwa chuoni, tulipokuwa tunasoma Kurani. Ni kufunua. Kama mtu amelala, ukaja ukamvuta shuka mbele za watu."

"Lakini walilosema ni uongo. Wamefunua nini?"

Akafikiri. "Heshima ndiyo ilikuwa shuka yako, bwana. Na aliyevutwa shuka hawezi kujifunika, mikono yake iko kwenye utupu. Anafunikwa na mwingine. Toa futi."

Nikakataa. Akapanda juu barazani, asubuhi watu wanakwenda sokoni, akatanua mikono, akaita, "Njooni mnione napimwa!" Wakasimama. Nikafungua kopo, nikaitoa futi, bega moja nililipima mara tatu.

Kanzu ilipokwisha akapanda gari la Tunduru. Ndugu zangu, nawaambia kweli, nilimwombea uhai Myao yule kuliko nilivyowaombea wanangu. Kila gari la Tunduru likiingia, nasimama natazama wanaoshuka. Mtaa nao ulikuwa unatazama.

Msimu wa korosho ukafika, akashuka. Amenenepa, amevaa kanzu ileile. Hata salamu hakunipa.

"Fundi! Kanzu inanibana! Ulinipima nikiwa na njaa?"

Safari hii nikajibu: "Kanzu haijapungua, mzee, ni korosho zimekuzidi!"

Baraza zima likacheka. Jioni yule mama akarudi na kitambaa chake, kimekunjwa vilevile. Hakusema samahani. Alinyoosha mikono tu, nikampima.

Wateja hawakurudi wote, nisiwadanganye. Mitumba ilibaki mitumba, na uchovu wa siku zile bado ninao mwilini. Lakini niliweza tena kupita sokoni kichwa juu. Namshukuru mzee yule, ambaye sala yake si sala yangu. Namshukuru mke wangu, aliyesimama kwenye foleni ile kila siku na ndoo yake. Mtani simlaumu, alifanya kazi yake.

Niliyojifunza ni haya: ukisikia mtu anatajwa vibaya naye yuko kimya, usiseme amekiri. Huenda analia. Mjibie wewe.

Na siku yangu mimi haiko mbali. Mtani atakuja, atalala kaburini mwangu, atasema atakalo, ni haki yake. Ila mmoja wenu ainuke amjibu. Mimi siku hiyo sitaweza.