Ardis Brekke, Mwalimu wa Maganda ya Shaba

Mchungaji, majirani na nyote mliopita katika theluji hii, mimi ni Karla, binti yake wa kwanza, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, Ardis Brekke, na baba ameniomba nisiyasome kwa uso wa huzuni mno, kwa kuwa yeye mwenyewe hawezi kuyakumbuka bila kucheka.

Mama alizaliwa tarehe 3 Aprili 1943, hapa hapa Choteau, Montana, akiwa mtoto wa pili wa Bwana Einar Nygaard na Bibi Thora, akamaliza sekondari Juni 1961, na Septemba ya mwaka uliofuata akaajiriwa katika duka la Bwana Haugen la vifaa vya shamba na uwindaji, ambako alijifunza kutayarisha maganda ya shaba, yale yanayobeba baruti, kwa wanaojitengenezea risasi nyumbani.

Jumamosi, tarehe 6 Agosti 1966, aliingia dukani kijana mkulima wa ngano, Lyle Brekke, akanunua maganda mapya mia moja, na mama akamwambia, "Kaka, hayo usiyatie baruti bado," naye akajibu, "Dada, yametoka kiwandani juzi, unataka niyaogeshe?"

Mama aliyamwaga yote kaunta, akamwonyesha lililobonyea mdomo, lililozidi wenzake urefu, na lenye kitundu cha chini, cha kupitishia moto, kilichobaki na kijipande cha shaba, akasema, "Mapya ndiyo, tayari bado," ndipo Bwana Haugen, ambaye alikwisha kumwonya mara mbili kwa kuwachelewesha wateja, akapiga kelele kutoka stoo, "Ardis, ukinifukuzia na huyu, Jumatatu usije!"

Wakagawana, hamsini kwa hamsini, mama ayatayarishe yake na Lyle, ndiye baba yetu, ayatie yake baruti vilevile yalivyo, wakapatana kupimana shambani kwa akina Brekke Jumamosi iliyofuata, na wiki nzima mama alikaa kwenye meza ya jikoni akisukuma kila ganda ndani ya kalibu ya chuma ili mdomo na shingo vinyooke, akiyapunguza yawe urefu mmoja, akikwangua kingo za midomo ndani na nje, akisafisha vile vitundu, akatupa manne yasiyomridhisha, na siku zote hizo, kama anavyokiri mwenyewe, baba alikuwa mtoni akivua samaki.

Walitumia bunduki moja, baruti kipimo kimoja, yadi mia mbili, risasi tano kila mmoja, matundu ya mama kwenye karatasi ya shabaha yakafunikwa na kikombe cha kahawa, ya baba hata kofia yake haikuyatosha, naye akaivaa tena na kusema, "Ardis, mimi mjinga, lakini nafundishika?" mama akamjibu, "Njoo Jumanne, na hayo hamsini yako uje nayo."

Jumatatu baba alisimama dukani mbele ya wateja, akatangaza kwamba amekosea, akanunua mia nyingine, na Bwana Haugen, badala ya kumfukuza mama, akamwekea meza nyuma ya duka, ambapo alifundisha nusu ya wanaume wa wilaya hii, na wake zao wengi, hadi alipostaafu mwaka 1997.

Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 14 Oktoba 1967, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Dwight na Solveig, na wajukuu saba.

Moyo ulianza kumsumbua Machi 2021, mikono ikawa inachoka upesi, basi baba akawa ndiye anayekwangua na mama anakagua kwa kioo cha kukuzia, akimrudishia moja moja, "Hili bado, mzee," na baba ananung'unika, "Miaka hamsini na bado sijafaulu mtihani!" mpaka Alhamisi, tarehe 9 Januari 2025, alfajiri, alipotutoka akiwa kitandani kwake, mkono wake ndani ya mkono wa baba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliotuondolea theluji mlangoni bila kuombwa, na wenzake wa dukani, na sasa tunawakaribisha ukumbini, kwa mchuzi wa kulungu ambaye mama alimwangusha Novemba iliyopita, akiwa na miaka themanini na moja, kwa risasi moja, kisha akatuambia tumweke kwenye friza kwa ajili ya wageni, kwa hiyo leo mwenyeji wenu ni yeye.

Mama, kula tunakula, wewe pumzika kwa amani.